Kuridhika Si Roho ya Umaskini

Semina ilikuwa ya uchumi wa Mkristo. Saa tano asubuhi mwalimu, mtu mwenye ufasaha na sauti ya kutuliza, alitusimamisha wote tuliokuwamo ukumbini, akatuambia tuweke mkono wa kulia kichwani na tutamke mara tatu kwamba tunaikataa roho ya kuridhika. Nilitamka mara mbili. Ya tatu ilinikwama kooni, kwa sababu nilimkumbuka mtu.

Kabla sijamtaja, niseme wazi ninabishana na nini. Mwalimu yule hakujitungia. Alikuwa anarudia jambo ambalo siku hizi linaaminiwa kuliko hata yale tunayokiri katika Imani ya Mitume kila Jumapili: kwamba ukiridhika umekwisha. Analisema mhamasishaji redioni alfajiri, analisema mshauri wa biashara, analisema mchungaji madhabahuni, na kijana wa bodaboda kaliandika nyuma ya pikipiki yake. Kwa maoni hayo, kuridhika ni uvivu uliotafutiwa jina zuri. Aliyeridhika hasomi, hajengi, hana ndoto. Wazee wetu walibaki maskini kwa kuwa waliridhika na jembe la mkono, na sisi Wakristo tumezidi, kwa kuwa tulifundishwa kuuona umaskini kuwa ni utakatifu. Dawa yake, tunaambiwa, ni kutamani zaidi, kudai zaidi, kukiri zaidi, na kupanda mbegu.

Nasema maoni haya ni ya uongo, na gharama yake nimeiona ikitolewa mlangoni mwa mtu na vijana wawili, mmoja kabeba kichwa cha cherehani, mwingine kabeba meza yake.

Mwenye cherehani tunamwita Mama Fundi. Tuko naye jumuiya moja. Anashona kibarazani kwake tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza liingie, na siku ikiwa nzuri anapata 15,000. Desemba moja binti yake mkubwa alipata kipaimara. Mtoto alikuwa amehudhuria mafundisho kwa uaminifu, amejibu maswali ya katekisimu mbele ya washarika, amewekewa mikono na mchungaji. Hayo yote yalikuwa karibu na bure. Kilichogharimu ni mchana wake: turubai, viti, spika za muziki, keki, gauni jeupe, pilau la watu sitini. Mama Fundi alichukua mkopo wa 400,000, ule unaoitwa kausha damu, arudishe 20,000 kila siku kwa siku 30. Jumlisha mwenyewe, kisha ulinganishe na kipato chake cha siku nzuri. Alilipa siku kumi na nane. Siku ya ishirini na mbili walikuja, wakachukua kitu pekee ambacho kingemwezesha kuwalipa.

Nilikwenda jioni ile na mwinjilisti wetu. Sakafuni palikuwa na alama nne pale miguu ya cherehani ilipokuwa imesimama miaka yote, na juu ya kiti lilibaki gauni la samawati la sare ya shule, limeshonwa nusu, pini bado zimo. Nilimuuliza, kwa upole nilioweza kuwa nao, kwa nini hakutuambia. Akasema, "Baba, sikukopa kwa njaa. Chakula kilikuwepo. Nilikopa kwa sababu ya macho ya watu."

Mimi nilikuwa mmoja wa wale watu sitini. Nilikula pilau lile, nikasifia keki.

Huyo ndiye aliyenikwamisha kooni. Nilijiuliza, pale ukumbini na mkono wangu kichwani, ni lini hasa mama huyu aliridhika mpaka tumkemee roho hiyo. Anafanya kazi saa kumi na tatu kwa siku. Ana malengo. Alikuwa na kikoba. Kama kutoridhika kungekuwa kunamtoa mtu kwenye umaskini, angekuwa na duka Kariakoo. Kutoridhika ndiko kulikomwacha kibarazani kwake bila cherehani, na wala hakuzaliwa nako. Alipandikiziwa, na sisi majirani na wapendwa wake ndio tuliokuwa watunza bustani.

Wanaotuhimiza tusiridhike wanatudhania tumelala. Tazama mtaa wowote wa Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi uniambie aliyelala ni nani. Watu hawalali. Kuna kadi ya mchango wa harusi mezani, ya send-off chini yake, ya kitchen party chini ya hiyo, na kila moja ina kiwango ambacho ukishuka chini yake utasemwa. Simu ya mwaka juzi inaona haya kutolewa mfukoni. Sofa nzima, lisilo na tatizo lolote, linauzwa kwa sababu jirani kaleta la kona. Ukitaka watu wasioridhika, nchi imejaa. Umaskini uko pale pale.

Na kuna wanaolipwa ili hali hiyo isipoe. Huwezi kumuuzia mtu kitu cha pili kama cha kwanza bado kinamtosha, kwa hiyo lazima kwanza umuuzie upungufu. Tangazo linafanya kazi hiyo mchana kutwa, na mkopo unasimama mlangoni kumngoja. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilikuwa njia ya kumtumia mama pesa kijijini, na kwa hilo naishukuru mpaka leo. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, simu ile ile ikaanza kukopesha. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, na sasa salio likiisha mkononi mwako malipo yanaendelea, deni linajijaza lenyewe. Huku kwetu huduma za namna hiyo tunazo, pamoja na vijiprogramu vya mkopo visivyojulikana mwenyewe ni nani. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ndefu ya vile vilivyokuwa vikiendeshwa bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji hao, ukichelewa, wanawaandikia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yako, kuanzia bosi hadi mkwe. Wamegundua kile alichokisema Mama Fundi. Dhamana kubwa aliyonayo maskini ni macho ya watu.

Nisingeandika makala kulalamikia wafanyabiashara. Kufanya biashara ni kazi yao. Kinachoniuma ni kwamba mahali pekee ambapo mama yule angetarajia kuambiwa kwamba anatosha, anakuta tangazo lile lile limewekewa kinanda.

Chukua mstari unaopendwa kuliko yote kwenye vioo vya daladala, Wafilipi 4:13. Unatumika kuombea gari, viza, kiwanja, ushindi wa mpira. Lakini aliyeuandika alikuwa kifungoni. Mfungwa wa zama zile alitegemea sana ndugu na marafiki kwa chakula na nguo, na Wafilipi walikuwa wamemtuma Epafrodito ampelekee msaada, safari iliyomwuguza mjumbe huyo nusura afe. Barua yenyewe ni ya kushukuru. Katikati ya shukrani hizo Paulo anaeleza kwamba amejua kushinda na njaa na amejua kushiba, na hilo ndilo jambo analosema ameliweza kwa nguvu alizopewa: kuwa na njaa asivunjike, kuwa na shibe asivimbe. Mtu aliyekuwa anashukuru kwa riziki ya gerezani, sisi tumemfanya dalali wa magari.

Tena ametumia neno la watu wengine. Autarkes, kwa Kiyunani, lilikuwa neno la Wastoa, wanafalsafa waliosema mwenye hekima hujitosheleza, hamhitaji mtu wala kitu. Paulo analichukua na kulipindua. Kutosheka kwake hakutoki ndani yake, kunatoka kwa Kristo, na analitamka akiwa ameshika mkononi zawadi ya wenzake. Kwa hiyo kuridhika kwa Kikristo hakumfungi mtu nyumbani mwake akasema simhitaji yeyote. Anapokea, anashukuru, na hadaiwi na macho ya mtu. Kisha Paulo anatumia kitenzi ambacho wenye semina wanakiruka: kujifunza. Anasema hali hiyo alijifunza. Uvivu haufundishwi, mtu huzaliwa akiujua. Kinachofundishwa ni kile kinachopingana na mwili, na Paulo alikisoma kwa viboko, kwa merikebu iliyovunjika, na kwa kushona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila ili asimlemee mtu. Ndiye huyo huyo aliyewaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Mwenye kumwita mlezi wa wavivu hajamsoma.

Hii lugha ya mbegu nayo ina kwao. Aliyeieneza zaidi ya wote ni Oral Roberts, mhubiri wa Oklahoma, Marekani, aliyeandika kitabu kuhusu muujiza wa mbegu ya imani mwaka 1970: toa kwanza, kisha tarajia kurudishiwa maradufu. Ilikuja kwetu kwa kanda, kwa televisheni na kwa mikutano ya hadhara, tukaipokea kana kwamba imetoka Galilaya. Mkulima wa kweli hata hivyo anajua kwamba mbegu inamtoka mpandaji na kuingia kwenye udongo. Kwenye mikutano hii inamtoka mjane na kuingia kwenye akaunti.

Nachelea kusema hili linalofuata, lakini nikilinyamazia nitakuwa mnafiki. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana, kila mmoja akiwahi kukanyaga mafuta ya upako ili afunguliwe. Waliokufa sina neno la kuwalaumu. Walikuwa mama zetu na watoto wetu, na walikimbia kwa sababu walikuwa wameaminishwa kwamba kilichopo kwao bado hakitoshi, na kwamba kinachotosha kiko hatua chache mbele, na wa kwanza kufika ndiye atakayekipata. Hilo ni fundisho la soko siku ya punguzo la bei. Enzi za Musa watu walifundishwa kinyume chake: mana ilishuka ya kumtosha kila mtu pishi yake, aliyeokota nyingi hakuzidi na aliyeokota chache hakupungukiwa, na iliyolimbikizwa mpaka asubuhi ilitoa mabuu. Hapakuwa na sababu ya kukanyagana.

Kuna pingamizi moja ambalo nalihofu, kwa sababu limebeba ukweli. Linasema: ni rahisi mwenye shibe kumhubiria mwenye njaa aridhike. Wakoloni walitutaka tufumbe macho tusali, tulipofumbua ardhi imekwenda. Bosi anayekulipa mshahara wa miezi miwili nyuma naye anakukumbusha unyenyekevu. Kuridhika ni blanketi ambalo mwenye nacho anamfunika asiye nacho ili asipige kelele.

Nakubali kwamba limetumika hivyo, na aliyelitumia hivyo atajibu kwa Mungu. Lakini fungua Maandiko uone amri ya kuridhika inapelekwa kwa nani. Askari walimuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini ili watubu. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu, papo hapo akawataka watosheke na mshahara wao. Kwa Yohana, kuridhika kwa mwenye rungu ndiyo salama ya asiye na rungu. Anayejua kuzungushwa kwa faili lililokuwa mezani muda wote, mpaka atoe kitu kidogo, anajua ni nani katika nchi hii anayehitaji somo la kuridhika, na si mama wa cherehani. Rushwa haitokani na watu walioridhika. Hata mara moja.

Au msome Amosi. Anawakemea wafanyabiashara wanaosubiri kwa hamu Sabato ipite wafungue maghala, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Mkulima wa viazi wa Njombe hahitaji kufafanuliwa. Kwake kipimo hakipunguzwi, kinaongezwa: gunia linashonewa kilemba, lumbesa, linabeba mzigo wa gunia na zaidi kwa bei ya gunia moja. Kosa ni lile lile. Yakobo naye anasikia mishahara iliyozuiliwa ikilia kutoka mashambani. Hakuna hata mmoja wao anayemwambia mvunaji aridhike na ujira alioibiwa. Na ile sehemu ya Timotheo tunayoipenda, kwamba utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa, rudi mstari mmoja nyuma uone Paulo anabishana na nani. Anabishana na walimu wanaodhani dini ni njia ya kupata mali. Nimeisoma mara nyingi nikistaajabu kwamba barua ile haikuandikwa juzi.

Kwa hiyo maskini hawezi kuambiwa aridhike na dhuluma. Anaweza kuambiwa, na anastahili kuambiwa, kwamba thamani yake haiko kwenye turubai. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya, awe bosi au mwanaharakati, anamnyima mama yule kitu cha kushika.

Na maendeleo je? John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alisimulia katika mahubiri habari za kijana mmoja wa Oxford, na wengi huamini alijisema mwenyewe. Mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili alipata 60. Akaishi kwa 28 zile zile, akatoa 32. Wa tatu alipata 90, akatoa 62. Wa nne, 120, akatoa 92. Tazama vizuri: mapato yalipanda mara nne. Kijana huyo alikuwa mchapakazi kuliko mtu yeyote anayeruka kwenye semina zetu. Kilichosimama ni matumizi yake tu, kwa sababu alikuwa amekwisha kujua kiasi kinachomtosha. Ziada nzima ikawa huru kwenda kwa wengine. Mtu asiyejua kinachomtosha hana ziada kamwe, hata akilipwa milioni kumi kwa mwezi. Kila kinachoingia kinakuta tayari kina mwenyewe.

Sisi wenyewe tuliwahi kuliona. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Bukoba na Kenya, ulikuwa na alama ambayo wapagani waliitambua kabla ya wachungaji: watu walirudisha vitu. Aliyeiba mbuzi alirudi na mbuzi, karani alirudi na fedha za ofisi. Mtu hurudisha anapoona kwamba anaweza kuishi bila kile kitu. Nani leo anahubiri mpaka watu warudishe?

Narudi kwa Mama Fundi. Ilikuwa Januari. Kwaya ya akina mama ilikuwa tayari imechanga kwa ajili ya vitenge vya sare ya Pasaka, wanakwaya 22, kila mmoja 20,000, fedha ziko kwa mtunza hazina. Waliomkopesha walidai 310,000, pamoja na faini, ndipo cherehani irudi. Jumuiya ilikutana Jumatano nyumbani kwa mzee mmoja, somo lilikuwa fupi, kisha mama wa makamo akasimama akasema fedha zile zitumike. Palikuwa na kimya, halafu yakaja maneno. Mmoja alisema usharika wa jirani utakuja siku hiyo, tutaonekanaje. Mwingine alikuwa na hoja nzito zaidi: anayetushonea sare kila mwaka ni Mama Fundi huyo huyo, tukiacha sare tunamnyima kazi. Mama Fundi, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, akajibu bila kuinua uso kwamba Januari watu wanashona sare za shule, akipata cherehani kazi ipo.

Walibishana karibu saa nzima. Sikusema kitu, sikuwa na haki. Mwishowe walipiga kura kwa kuinua mikono, kumi na saba wakakubali. Alhamisi mwinjilisti na akina mama wawili walikwenda kuikomboa, wakairudisha kwa bajaji, na ile 130,000 iliyobaki ikawekwa kwa ajili ya atakayefuata, kwa sharti kwamba mtu aje kusema kabla hajakopa.

Siku ya Pasaka usharika wa jirani ulikuja, wamependeza, kitenge cha kijani na vilemba vyake. Akina mama wetu walisimama mbele kila mtu na gauni lake. Mama Fundi alikuwa mstari wa nyuma, sauti ya pili, amevaa lile la zambarau tulilolizoea.